Diski ya zamani au toleo jipya? Ubishi wa wapenzi wa rok na siri iliyofichwa miaka 11

Katikati ya mwezi wa saba 2022, mwenye duka la diski mjini Phoenix, Marekani, aliweka video kwenye intaneti. Mike Esposito alisema amepata habari kutoka kwa watu anaowaamini: kampuni ya Mobile Fidelity ya California, iliyosifiwa kwa miaka mingi na wapenzi wa sauti safi, haikati tena diski zake moja kwa moja kutoka kanda za asili. Kati ya kanda na diski, alisema, kuna kompyuta.

Kwa msomaji anayesikiliza muziki kwenye simu, jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini wateja wa Mobile Fidelity walikuwa wanalipa hadi dola 125 kwa albamu moja ambayo waliisikia tangu utotoni, na ambayo wengi wao walikuwa nayo nyumbani tayari. Walilipa kwa sababu juu ya jalada kulikuwa na maneno yanayosema kwamba muziki umetoka kwenye kanda ya asili. Hayakusema uongo, kwa kweli. Yalinyamaza tu juu ya kituo cha katikati.

Siku chache baadaye, kampuni ilimwalika Esposito kwenye ofisi zake za Sebastopol, kaskazini mwa California. Mbele ya kamera yake mafundi watatu walikubali: ndiyo, kanda ya asili inachezwa mara moja, sauti inahifadhiwa katika faili la dijitali la kiwango cha juu sana, kisha diski inakatwa kutoka faili hilo. Njia hiyo ilianza mwaka wa 2011. Kwa hiyo miaka 11 ilipita bila wateja kuambiwa. Rais wa kampuni, Jim Davis, aliomba msamaha kwa maandishi. Kesi zikafunguliwa, na mwaka wa 2023 yakafikiwa makubaliano ya hadi dola milioni 25: mteja arudishe diski na kupata pesa zake zote, ama abaki nayo na kupewa asilimia 5 ya bei kwa pesa taslimu, au asilimia 10 kwa kununua bidhaa nyingine.

Aibu haikuwa ya kampuni peke yake. Kwa miaka hiyo 11, watu walioapa kwamba sikio lao linatambua dijitali mara moja walikuwa wanazisifu diski hizo hizo, wakizitoa kama ushahidi kwamba analogi ndiyo bora. Hakuna aliyesikia kompyuta. Siri ilitoka kwa hesabu na kwa maneno ya watu wa ndani, siyo kwa masikio.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanzoni mwa 2022 Mobile Fidelity ilitangaza toleo la Thriller ya Michael Jackson, nakala 40.000, kwa njia wanayoiita One-Step. Katika njia hiyo, sahani moja laini iliyokatwa na fundi inatoa nakala kama elfu moja hivi, basi. Kufikia 40.000 ingebidi kanda ya asili ya Thriller ichezwe zaidi ya mara arobaini. Nani mwenye kanda ya thamani ya namna hiyo angekubali ichakazwe hivyo? Watu walianza kuulizana, na jibu likaja kutoka Phoenix.

Kutoka kanda mpaka sindano

Ili kuelewa kwa nini watu wanabishana, inafaa kufuata njia ya sauti. Wasanii wanarekodi kwenye kanda. Nyimbo zikishachanganywa, inabaki kanda moja ya mwisho, ndiyo kanda ya asili. Fundi anaicheza, na mashine yenye sindano ya moto inachora mfuo mmoja mrefu juu ya sahani ya aluminiamu iliyopakwa laka. Sahani hiyo inafunikwa kwa chuma kiwandani. Chuma kinapobanduliwa kinakuwa sura ya kinyume, wanaiita baba. Kutoka kwa baba anazaliwa mama, na kutoka kwa mama zinatengenezwa chapa za chuma ambazo zinagandamiza plastiki moto hadi iwe diski. Chapa moja huchoka baada ya nakala elfu moja hivi.

Kwa hiyo diski mbili za albamu ile ile, za mwaka ule ule, zinaweza kutofautiana. Moja ilitoka kwenye chapa ikiwa mpya, nyingine ikiwa imechoka. Moja ilikatwa London, nyingine New York, kutoka nakala ya nakala ya kanda. Wanaotafuta diski za zamani hawasomi jalada kwanza. Wanainamisha diski chini ya taa na kusoma herufi na namba zilizochorwa kwa mkono karibu na karatasi ya katikati, pale ambapo mfuo unaishia. Pale fundi aliweka sahihi yake.

Mfano unaojulikana zaidi ni Led Zeppelin II, iliyotoka mwezi wa kumi 1969. Aliyeikata ni kijana Robert Ludwig, na herufi zake, RL, zinaonekana katika eneo hilo. Ludwig aliikata kwa nguvu, besi nzito, ngoma za John Bonham zikigonga kifuani. Halafu, kama alivyoeleza mwenyewe mara nyingi, mkubwa wa kampuni ya Atlantic, Ahmet Ertegun, alimpa binti yake nakala moja. Msichana alikuwa na gramafoni ya bei rahisi, sindano ikaruka. Atlantic ikaamuru albamu ikatwe upya kwa sauti ya kupunguzwa, na mamilioni ya watu waliijua Led Zeppelin II kwa sauti hiyo iliyofugwa. Leo nakala yenye RL ikiwa katika hali nzuri inauzwa kwa mamia ya dola. Mwaka wa 2014 Jimmy Page alisimamia toleo jipya la albamu hiyo, diski zikakatwa kutoka faili za dijitali. Ni safi, halina kelele, linapatikana kirahisi. Lakini wenye RL hawajaziuza.

Hapo ndipo hoja ya watu wa diski za kwanza ina nguvu. Diski ya 1969 ilikatwa kanda ikiwa na miezi, siyo miaka hamsini. Fundi alikuwa karibu na wasanii, mara nyingine walikuwa wanampigia simu. Kanda inazeeka: kila inapopita juu ya vichwa vya mashine inapoteza kidogo sauti za juu, zile za matoazi na za pumzi ya mwimbaji. Wakati wa kutengeneza Rumours ya Fleetwood Mac, iliyotoka mwezi wa pili 1977, kanda zilichezwa mara nyingi mno hata kabla ya albamu kumalizika, na mtayarishaji Ken Caillat akagundua kwamba ngoma zimefifia. Ilibidi atafutwe fundi wa kuunganisha kwa mkono nakala ya akiba ya ngoma na sehemu nyingine, huku kanda mbili zikizunguka pamoja. Kama kanda iliweza kuchoka katika miezi, miaka 45 je?

Kuna mtu aliyejenga biashara nzima juu ya hoja hiyo. Tom Port wa California, mwenye kampuni ya Better Records, pamoja na wafanyakazi wake wananunua nakala nyingi za albamu moja, wanazisafisha, wanazisikiliza moja baada ya nyingine, na kuuza zile zinazowashinda wenzake. Bei ni mamia ya dola, nyingine zinapita elfu. Port hafichi dharau yake kwa matoleo mapya ya gramu 180. Wakosoaji wanamwita mfanyabiashara wa ndoto. Hata hivyo, jambo moja anasema kweli: si kila diski ya kwanza ni nzuri.

Na hilo watu wengi wanalisahau. Diski ya 1967 ilipigwa kwenye sherehe, sindano nzito ikailima, watoto wakaigusa kwa vidole vyenye mafuta. Kilichochakaa katika mfuo hakirudi kwa kusafishwa. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka wa 1973, viwanda vilibana matumizi ya plastiki, na diski nyingi za miaka hiyo ni nyembamba na zina kelele. Tena, "ya kwanza" si lazima iwe karibu na wasanii. Vijana wa Marekani walionunua Beatles mwaka wa 1964 walipata diski za Capitol, ambako mkubwa mmoja, Dave Dexter, alikuwa anaongeza mwangwi juu ya kanda zilizotoka London. Nakala hizo ni za zamani, ni za asili za Marekani, na hazina sauti ambayo George Martin aliikubali studioni.

Beatles mara mbili

Kwa upande wa matoleo mapya, Beatles wanatoa kipimo kizuri, kwa sababu kampuni ile ile ilifanya kazi ile ile kwa njia mbili katika muda wa miaka miwili.

Mwaka wa 2012 zilitoka diski zao za stereo. Zilikatwa kutoka faili za dijitali zilizotengenezwa kwa ajili ya CD za 2009. Wapenzi walilalamika: kama ni faili, kwa nini wasibaki na CD? Mwaka wa 2014 zikatoka albamu za mono, na safari hii Sean Magee na Steve Berkowitz, ndani ya studio za Abbey Road, walirudi kwenye kanda zenyewe. Walitumia mashine ya kukatia ya miaka ya 1980, hakuna kompyuta njiani, na walisoma maandishi ambayo mafundi wa miaka ya 1960 waliyaacha juu ya namna ya kukata kila wimbo. Diski za 2014 zilipokelewa kama kazi ya heshima. Kuna wanaosikiliza Sgt. Pepper ya mono ya 2014 kando ya ile ya Parlophone ya 1967 na kuchagua mpya bila haya: sauti ile ile, bila mikwaruzo.

Kisha mwaka wa 2017 ikaja Sgt. Pepper nyingine, iliyochanganywa upya na Giles Martin, mtoto wa George. Hii haifai kuwekwa katika mashindano haya. Mtoto alirudi kwenye kanda za mwanzo kabisa, akaweka ngoma na besi mahali pengine. Inaweza kupendeza, na inawapendeza wengi, lakini ni picha nyingine ya mtu yule yule, wala si picha ya zamani iliyosafishwa.

Ndani ya Abbey Road humo humo yuko fundi Miles Showell, ambaye anakata diski kwa nusu ya mwendo: mashine inazunguka polepole, sindano inapata muda wa kuchora sauti za juu kwa uangalifu. Showell anatumia faili za dijitali na anasema hivyo waziwazi, anaeleza na sababu. Hakuna aliyempeleka mahakamani. Tofauti kati yake na Mobile Fidelity haiko katika mashine.

Matoleo haya ya bei kali yana mambo mengine yanayosaidia sikio, na mengine ya kupendeza macho tu. Uzito wa gramu 180 au 200 unapendeza mkononi, lakini mfuo hauna kina zaidi kwa sababu sahani ni nene. Kukata albamu kwa mizunguko 45 kwa dakika, badala ya 33, kunaleta faida ya kweli: mfuo unapita haraka chini ya sindano, kila sekunde ya muziki inapata nafasi ndefu zaidi, na nyimbo za mwisho wa upande hazipondwi karibu na katikati. Rumours ilitolewa hivyo mwaka wa 2011, ikakatwa na Steve Hoffman na Kevin Gray juu ya diski mbili, na wengi wanaiweka juu ya nakala za 1977. Gharama yake: msikilizaji anainuka kugeuza diski kila baada ya nyimbo tatu hivi.

Biashara hii si ndogo tena. Mwaka wa 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1987, diski ziliuzwa Marekani kwa idadi kubwa kuliko CD: milioni 41 dhidi ya milioni 33. Lakini mnyororo una vipande vyembamba. Tarehe 6 mwezi wa pili 2020, moto uliteketeza kiwanda cha Apollo Masters mjini Banning, California. Dunia nzima ilikuwa na viwanda viwili tu vinavyotengeneza sahani za laka. Kilibaki kimoja, Japani.

Kanda ikipotea

Swali gumu kuliko yote ni kama kanda bado ipo. Tarehe 1 mwezi wa sita 2008 moto uliwaka katika eneo la Universal, Hollywood, ukaingia ghala la kanda. Ukubwa wa hasara ulijulikana na watu wengi mwaka wa 2019 tu, gazeti la New York Times lilipoandika. Kanda nyingine hazikuungua, zinaoza. Aina fulani za miaka ya 1970 zinavuta unyevu, gundi inakuwa nata, na ni lazima zipashwe joto dogo kwa saa nyingi katika jiko maalumu ili zichezwe tena kwa muda mfupi. Mara nyingi huo ndio muda wa kuzinakili.

Hapa Kongo jambo la kanda zinazokaa gizani linaeleweka. Tamasha la Zaire 74, lililofanyika Kinshasa mwezi wa tisa 1974 kabla ya pigano la Ali na Foreman, lilirekodiwa vizuri. Lakini albamu ya wasanii wa Afrika walioimba pale, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti, Miriam Makeba, ilitoka mwaka wa 2017, baada ya miaka zaidi ya arobaini. Kwa kazi hiyo hakuna diski ya zamani ya kulinganisha. Bila kanda, kusingekuwa na chochote.

Kwa hoja hiyo, njia ya Mobile Fidelity ina akili yake. Kuicheza kanda mara moja kwa mashine nzuri, kuihifadhi, kisha kuirudisha kwenye rafu, ni kuilinda. Wenye kanda wengi siku hizi hawaruhusu itoke nje ya ghala, wala ichezwe mara kumi. Kampuni ingeweza kusema hivyo mwaka wa 2011, na wateja wangechagua. Sasa inaandika wazi chanzo cha kila diski, pamoja na kituo cha dijitali kama kipo. Bado inauza.

Washindani wake wamelazimika kusema zaidi pia. Chad Kassem, mwenye Analogue Productions na kiwanda cha kuchapia diski mjini Salina, Kansas, anauza matoleo ya gramu 200 yanayoitwa UHQR kwa dola 150, ndani ya sanduku. Mwaka wa 2023 alitoa Aja ya Steely Dan, moja ya albamu ambazo wauzaji wa vyombo vya sauti wamekuwa wakiwapigia wateja tangu zilipotoka. Na pale ikabidi kutoa maelezo magumu: hakuna ushahidi kwamba kanda za mchanganyiko wa asili za Aja zilifika kwenye kampuni ya diski, na inaaminika hazipo tena. Diski mpya ilikatwa kutoka nakala ya analogi ya kanda. Mnunuzi anajua hilo kabla ya kutoa dola zake 150.

Aliyeikata ni Bernie Grundman. Ni yeye aliyekata Aja ya kwanza pia, mwaka wa 1977, alipokuwa kijana katika studio za A&M. Fundi ni yule yule, kazi mbili, miaka 46 kati yake. Mara ya kwanza alikuwa na kanda mpya mbele yake na alikata kwa ajili ya gramafoni za kila mtu. Mara ya pili alikuwa na mashine bora, kiwanda makini, na nakala. Aja iliuzwa kwa mamilioni, kwa hiyo nakala za 1977 bado zimejaa katika maduka ya diski za mtumba ya Marekani, kwa sehemu ndogo ya bei ya sanduku la Kansas. Nyingi zimechakaa. Anayetaka kuamua anaweza kununua tano, kuziosha, kutafuta iliyo nzima, na bado akabaki na pesa.